Krete: Mgeni Anapogeuzwa Mteja

Kigiriki na Kiswahili hukutana katika neno moja. Mgiriki husema xenos, sisi husema mgeni, na kila moja ya maneno haya humbeba mtu wa aina mbili: yule tusiyemjua atokako, na yule tuliyemwandalia chakula. Waingereza wamewatenganisha watu hawa kwa maneno mawili. Mgiriki hakuwatenganisha, hata hoteli huiita xenodohio, yaani pahali pa kupokelea wageni. Nilipofika katika kisiwa cha Krete, nilitaka kuona neno hilo limesalia na maana gani mezani.

Msomaji wa Biblia anakijua kisiwa hiki. Ndiko Paulo alikomwacha Tito, na waraka aliompelekea haukosi kuwasuta wenyeji kwa ulafi. Tuhuma hiyo haikunithibitikia. Katika mkahawa wa kijijini chakula huletwa kidogo kidogo katika visahani: zeituni, mboga za mwituni zilizochemshwa na kutiwa mafuta na ndimu, na dakos, yaani mkate mkavu wa shayiri wenye nyanya na jibini laini. Kileo hakiji peke yake. Neno krasi, ambalo ndilo divai, asili yake ni mchanganyo, kwani Wagiriki wa kale waliichanganya divai na maji, na aliyeinywa tupu walimwona mshenzi. Mlo ukiisha, mwenye mkahawa huleta matunda na kichupa cha tsikoudia, kileo kikali kinachokenekwa kutokana na makapi ya zabibu. Takrima hii huitwa kerasma, neno la shina lile lile la kuchanganya, na haimo katika hesabu ya mlo.

Mambo ni mengine kule Malia, kilomita 35 hivi mashariki mwa mji wa Iraklio. Karibu na hapo pana magofu ya kasri la Waminoa, yaliyoingizwa mwaka wa 2025 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Wengi wa vijana wanaomiminika huko kiangazi kutoka Uingereza na kwingineko Ulaya hawayafikii. Huishia katika barabara moja ya vilabu, ambako mlangoni husimama mtu akigawa vikombe vidogo vya pombe bure. Ukitazama tu, utadhani ni kerasma. Kumbe ni chambo. Na wakati mwingine kinachomiminwa ni kile ambacho Wagiriki wenyewe wamekibandika jina la bomu: pombe iliyoghushiwa.

Ni rahisi kuwalaumu vijana. Mimi nawalaumu kwanza wenye vilabu na mawakala wa usafiri. Kijana wa miaka 18 aliyeuziwa ndege, chumba na ulevi kwa bei moja hakupewa nafasi ya kuwa mgeni. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hukaa siku saba, na hakuna amjuaye jina, seuze kumpa jembe!

Upo usiku mwingine Krete, ambao hauuzwi. Miezi ya Oktoba na Novemba, ndege za watalii zikipungua, wanakijiji hukusanyika penye kazani, mtungi mkubwa wa shaba wa kukenekea tsikoudia. Viazi huchomwa katika majivu, nyama ya nguruwe katika makaa, makomamanga hupasuliwa, na kileo hunywewa kingali na joto. Apitaye njia huitwa ndani, awe xenos wa maana ipi kati ya zile mbili.