Nani Ajengaye Nyumba za Wananchi?

Ukitoka Mbagala ukashika njia ya Chamazi, au ukiingia vichochoro vya Kivule, utayaona mapagale. Kuta zimefika kwenye lenta, madirisha hayana mbao wala kioo, na katika chumba ambacho kingekuwa sebule umeota mpapai. Mgeni apitaye hudhani kuwa mwenyewe amekufa au amekimbia wadeni wake. La, hasha! Mwenyewe yu hai. Anauza vitumbua, au anaendesha daladala, au anafundisha watoto wetu hesabu, na kila apatapo fedha kidogo hununua mifuko miwili ya saruji, humwita fundi siku ya Jumamosi, na siku ya Jumatatu hurudi kazini akiwa hana kitu tena mfukoni.

Pagale, msomaji, ni benki ya mnyonge. Fedha zikikaa mfukoni zitaliwa na homa, na msiba, na ada ya shule. Zikigeuka kuwa tofali, hata shemeji haombi. Tena tofali haishuki thamani kama shilingi ishukavyo. Kwa hiyo wale wanaowacheka watu hawa, wakisema ati hawana mipango, wangefaa kwanza wajiulize ni mpango gani mwingine waliopewa.

Injili inatuonya juu ya mtu aliyeanza kujenga mnara bila kukaa chini na kuhesabu gharama, watu wakamdhihaki. Nilifundishwa mfano huo nikiwa kijana katika shule ya misheni, na niliuamini. Lakini nilipoanza kujenga kibanda changu mwenyewe nilitambua kuwa mwenye mshahara mdogo akikaa chini kuhesabu gharama yote, hatajenga kamwe. Yeye huhesabu msingi peke yake. Akimaliza msingi, huhesabu ukuta. Mimi ilinichukua miaka tisa, na katika miaka hiyo nililipa kodi ya chumba kwa mtu mwingine, miezi sita kwa mkupuo, kama ilivyo desturi mbaya ya mji huu.

Sasa natufikiri juu ya Serikali na wajibu wake, maana jambo hili si jipya, na nchi yetu imekwisha kulijaribu kwa njia zaidi ya moja.

Mwaka 1962, mara tu baada ya Uhuru, liliundwa Shirika la Nyumba la Taifa. Nia ilikuwa njema sana. Wakoloni walikuwa wameugawa mji wa Dar es Salaam kwa rangi: Uzunguni kulikuwa na bustani na upepo wa bahari, Uhindini maduka na nyumba za mawe, na Mwafrika akaachiwa Kariakoo, Ilala na Magomeni, katika nyumba za miti na udongo zilizoezekwa makuti au madebe yaliyopasuliwa. Viongozi wetu waliona aibu, na walikuwa na haki ya kuona aibu. Wakaamua kuzibomoa nyumba mbovu na kujenga nyingine za saruji mahali pale pale. Magomeni ndiko kazi hii ilikofanywa zaidi.

Lakini hesabu ilikataa. Nyumba ya Kiswahili, kama tuijuavyo sote, ina vyumba sita, vitatu kushoto na vitatu kulia, ukumbi katikati, baraza mbele, na uani jiko na choo. Mwenye nyumba hulala chumba kimoja au viwili, vilivyobaki hupangisha. Basi ukiibomoa nyumba hiyo na kuijenga tena, umetumia fedha za umma kuwarudisha watu wale wale mahali pale pale. Hukuongeza hata chumba kimoja. Na wakati huo huo treni na mabasi yanashusha vijana wapya kila siku. Sensa ya mwaka 1967 ilikuta katika mji wa Dar es Salaam watu 272,821. Ile ya mwaka 2022 ilikuta katika Mkoa wa Dar es Salaam watu 5,383,728. Hakuna shirika lolote, hata lingeongozwa na malaika, ambalo lingeweza kuwajengea umati huo kwa kuwakabidhi funguo mmoja mmoja.

Kosa hilo lilitambuliwa, na hili ni jambo la kusifiwa, maana si kila serikali hukubali kosa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 sera iligeuzwa. Ikasemwa kuwa ubomoaji uachwe. Mitaa iliyokwisha kujengwa bila mpango itengenezwe ilipo. Na kwa wale wasio na mahali, Serikali ipime viwanja, ipeleke barabara na maji, kisha mwananchi ajenge mwenyewe. Mwaka 1973 ilianza kazi Benki ya Nyumba Tanzania, ili mwananchi apate mahali pa kukopa. Mwaka 1974 ulitiwa sahihi mkataba na Benki ya Dunia wa mradi wa viwanja na huduma. Hapo ndipo vilipozaliwa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni kama tuzijuavyo, na Manzese ikapata barabara, maji na taa bila ya watu wake kufukuzwa. Mwanza na Mbeya nazo zilikuwamo.

Napenda msomaji asimame hapa kidogo, maana wengi wa wakazi wa Sinza leo, wanywao soda zao barazani jioni, hawajui kuwa mtaa wao ulikuwa jaribio la kuwapa watu wa kipato cha chini mahali pa kujenga. Kiwanja cha kawaida kilikuwa mita 12 kwa mita 24. Kidogo, lakini nyumba ya vyumba sita inaenea na uani unabaki. Serikali haikujenga nyumba hizo. Ilifanya yale ambayo mtu mmoja hawezi kuyafanya: kunyosha barabara, kuchimba mfereji, kulaza bomba, kutenga mahali pa shule na soko. Yaliyobaki yalifanywa na wenyewe, kwa jasho lao, kwa miaka mingi. Leo hakuna aitazamaye Sinza akaiita mtaa wa ovyo.

Je, mradi ule ulikuwa mkamilifu? Haukuwa. Masharti ya ujenzi yalikuwa ya juu mno. Mwananchi alitakiwa ajenge kwa vifaa vya kudumu kabla hajawa na fedha za kudumu. Mkopo ulichelewa, na ulipofika bei zilikuwa zimekwisha kupanda. Saruji yenyewe ilikuwa adimu, ijapokuwa kiwanda cha Wazo Hill kilikuwa kikifanya kazi tangu mwaka 1966. Katika miaka migumu ya mwanzo wa 1980 mfuko mmoja ulitafutwa kwa kibali na kwa kujuana. Basi wengi wa wale waliokusudiwa waliuza haki zao kwa wenye vyeo na wenye biashara, wakasogea mbele porini wakaanza upya, bila kupimiwa. Na benki ile ya nyumba, kwa mikopo isiyorejeshwa na mambo mengine yasiyopendeza, ilifungwa mwaka 1995. Watu wengi walidhani kuwa kwa kufa kwake wazo lenyewe limekufa.

Kuna jambo jingine la wakati ule ambalo halisemwi sana. Mwaka 1977, alipopima miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliwalaumu wananchi kwa kuiabudu saruji na bati. Aliona ajabu kwamba watu wenye udongo mzuri chini ya miguu yao, na kuni za kuchomea, wanakataa kufyatua matofali na vigae, wakae miaka wakiusubiri huo aliouita udongo wa Ulaya. Wapo waliokasirika, wakasema kuwa yeye anakaa penye saruji. Hata hivyo hoja yake haijajibiwa hadi leo. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi pale Mwenge unaonyesha tofali za udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono, ambazo hufungamana zenyewe, hata fundi hahitaji udongo mwingi wa kuunganishia. Ni nyumba safi na imara. Lakini nenda mitaani umuulize fundi mwashi: atakuambia kuwa wateja hawazitaki, na ukimdadisi zaidi utagundua kuwa yeye mwenyewe hakuwahi kufundishwa kuzijenga. Badala yake tunaendelea na tofali za mchanga, ambazo mfuko mmoja wa saruji wafaa utoe thelathini hivi, na wafyatuaji wenye tamaa huuvuta mpaka hamsini. Tofali za namna hiyo ukizibeba vibaya zinamomonyoka mkononi. Nimezinunua, najua.

Tangu hapo yamefanywa mengine. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilifungua mlango wa kuitambua mitaa iliyojengwa bila mpango, zikatolewa leseni za makazi. Mwaka 2002 ulianza mradi wa viwanja 20,000 katika Dar es Salaam. Viwanja vilipimwa, vikauzwa upesi, na wengi wa walionunua hawakuwa watu wa vitumbua. Mwaka 2008 ikaja sheria ya mikopo ya nyumba, na leo mabenki kadhaa hukopesha. Lakini mkopo huo humtaka mtu awe na mshahara unaopitia benki, na nyumba iliyokamilika, na hati. Dereva wa daladala hana hata kimoja katika hivyo vitatu.

Na yako maghorofa. Pale Magomeni Kota, mahali zilipokuwa nyumba za zamani zilizobomolewa, zilifunguliwa mwaka 2022 nyumba mpya za ghorofa kwa familia 644. Tulifurahi pamoja na wenzetu hao, ambao walikuwa wameteseka miaka mingi wakingoja. Walakini msomaji mwenye kalamu na alinge idadi hiyo na ile ya sensa niliyoitaja juu. Wenzangu fulani, tena watu wasomi, huniambia kuwa mji wa kisasa ni maghorofa, na kwamba nyumba za kujijengea zinautanua mji mpaka Kisarawe, barabara na mabomba yakashindwa kuufuata. Nakiri kuwa hilo la mabomba ni kweli. Lakini mji unatanuka kwa sababu viwanja havipimwi kabla ya watu kufika, wala si kwa sababu watu wanajijengea. Mtu hangoji ofisi ya ardhi ili azae watoto.

Basi la kufanywa ni lipi? Mimi naona mambo mawili yangetangulia mengine yote. La kwanza ni lile lile la Sinza: kiwanja kidogo, kilichopimwa mapema, chenye njia na maji, kwa bei ambayo mtu wa vitumbua aweza kuilipa kwa awamu. Nasisitiza udogo wa kiwanja. Kiwanja kikubwa ni mwaliko kwa tajiri.

La pili linatoka mbali kidogo. Mwaka 1954 Umoja wa Mataifa uliwapeleka wataalamu katika nchi ya Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Charles Abrams alikuwa mmoja wao. Walikuta mambo kama ya kwetu: mwanakijiji aliweza kusimamisha ukuta kwa mikono yake na kwa msaada wa ndugu, lakini paa, milango na madirisha vilitaka fedha taslimu, naye hakuwa nazo, nyumba ikabaki kuta, mvua ikaziyeyusha. Wakashauri kwamba mtu asikopeshwe nyumba nzima. Akopeshwe paa. Asimamishe kuta kwanza, akaguliwe, kisha apewe mabati na mbao, si fedha mkononi, na alipe kidogo kidogo ili mwingine naye aezeke. Mkopo mdogo, wa muda mfupi, na dhamana yake inaonekana kwa macho: ukuta umesimama pale.

Hebu fikirieni mpango wa namna hiyo katika mji wa mapagale! Kuta tunazo tayari, maelfu kwa maelfu, zimekwisha kulipiwa, hazidaiwi na mtu. Kinachokosekana ni kenchi na bati. Hakuna nyumba iliyo rahisi zaidi kwa Serikali kuliko ile ambayo nusu yake imekwisha kujengwa na raia.

Nimepata kuambiwa na afisa mmoja kwamba mikopo midogo namna hii ni taabu kuisimamia, kwa kuwa wakopaji ni wengi na kila mmoja anadaiwa fedha chache. Taabu ipo. Lakini wako wanawake katika kila mtaa wanaoifanya taabu hiyo kila Jumapili alasiri, chini ya mwembe, na sanduku lenye makufuli matatu. Jirani yangu mmoja, muuza vitumbua, ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa cha watu ishirini na wanane. Alinionyesha daftari lake. Katika miaka minne amechelewa kulipwa na mtu mmoja tu, ambaye alifiwa na mume, na kikundi kikamsamehe riba.

Pagale lake liko Chamazi, limefika kwenye lenta tangu mwaka 2019. Fundi amemkadiria mabati sabini na mawili. Anayo ishirini na sita. Ameyalaza chini ya kitanda katika chumba anachopanga, ncha zimetokeza mpaka karibu na mlango, na wageni huonywa wanyanyue miguu wanapoingia.