Seli Hufuata Jirani Zake
Wengi hudhani kila seli ya kiinitete imepangiwa kazi yake tangu mwanzo. Mwaka 1888 Wilhelm Roux alionekana kuthibitisha hilo: aliua kwa sindano ya moto seli moja kati ya mbili za kiinitete cha chura, na iliyobaki ikaunda nusu ya kiumbe. Lakini mwaka 1891 Hans Driesch alizitenganisha kabisa seli mbili za nungu wa baharini, na kila moja iliweza kukua kuwa kiumbe kamili, ingawa kidogo. Roux aliiacha seli mfu ikiwa bado imeshikamana na ile iliyo hai, na kwangu hapo ndipo penye jibu: seli hujipanga kwa kufuata jirani zake. Mapacha wanaotokana na yai moja wanathibitisha uwezo huo wa seli kuunda kiumbe kamili, ambao hupungua kadiri kiinitete kinavyokua.