Kwa nini moto hauondoi sumu ya jodari

Msimu wa kaskazi ndio huu, na jodari, sehewa na vibua wanashushwa Vanga, Shimoni na Gazi. Ni msimu wa kitoweo, lakini pia ni msimu wa joto kali, na samaki wa jamii hii hawavumilii joto.

Wengi wetu tumezoea kwamba samaki aliyeanza kulegea huokolewa na ndimu, pilipili na mafuta yaliyochemka. Ni kweli kwamba moto huua bakteria. Tatizo ni kile ambacho bakteria hao wamekwisha kukiacha ndani ya nyama.

Nyama ya jodari ina histidini nyingi, kirutubisho cha kawaida kisicho na madhara. Samaki akifa na kulala kwenye joto, bakteria wa mashavuni na matumboni huenea na kuigeuza histidini hiyo kuwa histamini, kemikali ileile ambayo mwili hutoa mtu anapopata mzio. Histamini haiondoki kwa kukaangwa, kuchemshwa wala kugandishwa. Tena huweza kujaa kabla samaki hajanuka, kwa hivyo pua pekee haitoshi.

Anayemla samaki huyo huhisi dalili baada ya dakika chache, au saa moja au mbili: uso kuwaka moto, kichwa kuuma, moyo kwenda mbio, vipele, na mara nyingine kuhara. Wengine huhisi ulimi ukiwasha kama waliotafuna pilipili. Mara nyingi hupita siku hiyohiyo, lakini anayepata shida ya kupumua apelekwe hospitali bila kungoja. Mwelezeni daktari ni samaki gani aliliwa na saa ngapi. Wapo wanaodhani wana mzio wa samaki, wakaacha kumla maisha yote, kumbe aliyewadhuru ni samaki mmoja tu aliyekosa barafu.

Kinga ni barafu, na ianzie chomboni. Hewa au maji yakifikia nyuzi 28 na zaidi, jambo la kawaida kwetu, samaki awe ndani ya barafu kabla ya saa 6 kupita tangu afe. Mapema zaidi ni bora. Mtoeni matumbo na mashavu, kisha mfunikeni kwa barafu, kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Baridi ya chini ya nyuzi 4 huwazuia bakteria, ila haiirudishi histamini iliyokwisha kutengenezwa. Barafu ya jioni haimsaidii samaki aliyeshinda juani.

Tunajua barafu ni gharama, na mama karanga anayenunua kwa tajiri hana njia ya kuona samaki alikolala. Muulize muuzaji alivuliwa saa ngapi na aliwekwa wapi. Asipokuwa na jibu, bei ya chini ya saa kumi na mbili jioni isikushawishi; chukua changu au tafi, ambao nyama yao haina histidini nyingi hivyo, mradi ni wabichi.

Watu wawili au zaidi wakiugua baada ya kula samaki wa mzigo mmoja, mjulisheni afisa wa afya ya umma wa wadi yenu na viongozi wa BMU siku hiyohiyo, na mabaki ya samaki msiyatupe: yawekeni kwenye barafu yapimwe.