Chumba Nyuma ya Mashua ya Kuokolea

Bei ya chumba katika meli ya kitalii hupangwa na dirisha. Chumba cha ndani, kisicho na dirisha kabisa, ndicho cha bei ya chini. Hufuata chenye kioo kisichofunguka, kisha chenye roshani, na juu ya vyote ni vyumba vikubwa vya wenye nazo, ambavyo mara nyingi huwekwa sitaha za juu kabisa au mwisho wa omo na tezi, ili mwenyewe aione bahari bila kuzibwa na mtu. Hakuna ubaya katika hilo. Lakini bahari haijui bei. Ukiiuliza fizikia ni wapi pa kulala, itakuelekeza kwingine kabisa, na mara nyingi kwingine huko ni kwa bei nafuu.

Zamani haikuwa hivyo. Katika Titanic ya 1912, daraja la kwanza lilishika katikati ya meli. Abiria wa daraja la tatu waligawanywa kwenye miisho miwili: wanaume waliosafiri peke yao omoni, familia na wanawake waliosafiri bila waume upande wa tezi. Waunda meli wa wakati ule walijua vizuri wanachokiuza. Meli ikipanda wimbi, omo na tezi ndizo zinazopaa na kutumbukia, na katikati husogea kidogo tu. Utulivu ulikuwa bidhaa, na ulilipiwa.

Kwenye maji ya joto kulikuwa na hesabu nyingine. MV Liemba, iliyobeba abiria wa Ziwa Tanganyika kwa vizazi kadhaa, iliweka vyumba vyake vya daraja la kwanza sitaha ya juu, na daraja la tatu chini. Kabla ya viyoyozi, aliyelipa zaidi alilipia upepo, na kuwa mbali na joto la injini. Leo kila chumba cha meli ya kitalii kina kiyoyozi, hata kile cha chini kabisa. Upepo umeondoka kwenye hesabu, utulivu umesahaulika nusu, na kilichobaki kupimwa kwa fedha ni mandhari.

Hebu tupige hesabu yenyewe. Tuseme meli ina urefu wa mita 300, na wimbi limeinua omo kwa digrii moja tu, pembe ambayo jicho haliioni. Chumba kilicho mita 120 mbele ya kitovu cha mwendo huo kitapanda mita 2.1. Kisha wimbi litapita, omo itainama, na chumba kitashuka mita 2.1 chini ya pale kilipoanzia. Anayelala humo ameshushwa zaidi ya mita nne, kisha anapandishwa tena, usiku kucha. Chumba kilicho mita 10 tu kutoka kitovuni kimepanda sentimita 17. Aliyewahi kukaa kiti cha nyuma kabisa cha basi kwenye barabara yenye matuta anaielewa hesabu hii bila karatasi. Kitovu chenyewe, kwa meli nyingi, hakiko katikati kamili bali nyuma yake kidogo, kuelekea tezi.

Kuyumba ubavu kwa ubavu kuna hesabu yake, ila hapo kinachopimwa ni kimo. Meli ikilala digrii tatu upande mmoja, chumba kilicho mita 30 juu ya mhimili wa kuyumba husogezwa kando zaidi ya mita moja na nusu; kilicho mita tano juu yake, sentimita 26. Wahenga waliosema kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani walikuwa na maana nyingine, lakini msafiri anayetafuta usingizi anaweza kuwafuata neno kwa neno: katikati, na chini.

Ikibidi kuchagua moja kati ya hayo mawili, mimi ningechagua katikati, na sababu iko sikioni.

Ndani kabisa ya sikio, nyuma ya ngoma, mna mifereji mitatu ya nusu duara inayohisi mzunguko wa kichwa, na vijiwe vidogo mno, vilivyoshikwa kwenye utando laini, vinavyohisi kupanda, kushuka na kusukumwa. Ukiwa chumbani melini, macho yanaona kuta zilizotulia huku vijiwe vikiripoti kwamba unapaa na kuanguka. Nadharia inayokubaliwa zaidi inasema kichefuchefu cha safari hutokana na ugomvi huo wa taarifa. Kwa nini ubongo ujibu ugomvi wa taarifa kwa kutapisha, hilo bado wataalamu wanabishana.

Kwamba sikio ndilo chanzo, si tumbo, kulionyeshwa kwa namna ya kuchekesha kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na miaka ya 1960, jeshi la majini la Marekani na shirika la anga la NASA walifanya utafiti na wanaume kumi na mmoja viziwi kutoka Chuo cha Gallaudet, Washington. Karibu wote walikuwa wamepoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo, ambayo iliharibu pia viungo vyao vya mizani. Katika jaribio moja walipandishwa chombo kwenye bahari chafu karibu na Nova Scotia, Kanada. Wanaume wale wakaketi wakicheza karata na kupiga soga. Watafiti waliokuja kuwachunguza ndio walioshikwa na kichefuchefu hata jaribio likasitishwa.

Mwaka 1974 watafiti wawili wa Marekani, O'Hanlon na McCauley, walichapisha matokeo ya kupandisha na kushusha watu ndani ya chumba cha majaribio kwa kasi mbalimbali. Waligundua kwamba mwendo unaotapisha kuliko yote ni ule wa kwenda juu na chini unaojirudia mara moja kila sekunde tano au sita. Mtikisiko wa haraka zaidi huchosha mwili lakini tumbo huuvumilia. Wa polepole zaidi nao hautishi sana. Sasa, meli kubwa ya kitalii huyumba ubavu kwa ubavu taratibu mno: kutoka upande mmoja hadi mwingine na kurudi yaweza kuchukua sekunde 15 au zaidi. Kule kupanda na kushuka kwa omo, kinyume chake, hukaribia sana ile kasi mbaya. Ndiyo maana umbali kutoka kitovuni una uzito kuliko kimo.

Tena, dawa ya kuyumba imeshapatikana, na dawa ya kupaa na kutumbukia haijapatikana. Hata hiyo ya kuyumba haikupatikana kwa urahisi. Henry Bessemer, Mwingereza aliyetajirika kwa mbinu yake ya kutengeneza chuma cha pua, aliteswa sana na bahari, akaamua kuunda meli yenye ukumbi unaoning'inia, ambao ungebaki sawa hata meli ikilala. Mtu mmoja alitakiwa kuketi akitazama kipima usawa na kuuelekeza ukumbi kwa mitambo ya maji. Mwezi Mei 1875 meli hiyo ilipelekwa Calais mbele ya wageni waalikwa, ikashindwa kuongozwa vizuri ikagonga gati. Kampuni ikafa. Ukumbi ule wa kifahari ukahamishiwa nyumbani kwa mhandisi wake huko Kent, ukawa chumba cha kuchezea biliadi, na hapo, nchi kavu, ukatulia kweli.

Kilichofanikiwa ni mapezi. Ni mabawa mafupi yanayotokeza chini ya maji kila ubavu, yakigeuzwa na mitambo inayohisi kuyumba, ili moja lisukume juu huku jingine likisukuma chini. Meli Chusan ya kampuni ya P&O, iliyoanza kazi mwaka 1950, ilikuwa miongoni mwa meli kubwa za abiria za kwanza kufungwa mapezi hayo, na leo ni vigumu kupata meli ya kitalii isiyo nayo. Yanaua sehemu kubwa ya kuyumba meli ikiwa mwendoni. Dhidi ya omo inayopaa hayasaidii kitu: meli ni ndefu mno na nguvu zake ni kubwa mno kwa mabawa mafupi kama yale.

Baada ya mwendo, kelele. Hewani sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Ndani ya chuma huenda zaidi ya mara kumi na tano ya hapo, na hupotea polepole. Meli nzima ni chuma kilichounganishwa. Kwa hiyo adui wa usingizi wako si lazima awe jirani wa mlango wa pili. Aweza kuwa kiti kinachoburutwa alfajiri kwenye sitaha ya bwawa juu ya kichwa chako, au jiko, au ukumbi wa disko ulio sakafu moja chini. Ramani ya sitaha hutolewa bure, na kazi yake kubwa ni hii: hakikisha juu yako kuna vyumba vya kulala na chini yako kuna vyumba vya kulala. Omoni, sitaha za chini, kuna rafadha za pembeni zinazoisukuma meli kando inapofunga gati, kwa kawaida asubuhi na mapema, na mnyororo wa nanga. Tezi ilikuwa mbaya zaidi zamani, kwa mtetemo wa mihimili mirefu ya rafadha. Tangu meli ya kitalii Elation ya 1998, meli nyingi zimehamia kwenye mota za umeme zinazoning'inia nje chini ya tezi, na mtetemo umepungua. Haujakwisha.

Sasa tufike kwenye dirisha. Vyumba vya ndani vipo kwa sababu ya jiometri tu. Kwa miongo mingi meli iliyotaka kupita Mfereji wa Panama haikuweza kuzidi upana wa mita 32.3. Panga vyumba kando ya kila ubavu, weka korido mbili, na bado katikati kunabaki ukanda mpana usiofikiwa na mwanga. Nafasi hiyo haiwezi kuachwa bure. Disney Dream, iliyoanza safari mwaka 2011, iliweka kwenye vyumba vyake vya ndani madirisha ya duara ya bandia: skrini zinazoonyesha picha za moja kwa moja kutoka kamera zilizo nje ya meli. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, na Meyer Werft, kiwanda kilekile kilichoitengeneza Graf von Götzen mwaka 1913 na kuisafirisha vipandevipande hadi Kigoma. Ndiyo Liemba yetu.

Skrini huonyesha bahari, lakini saa ya mwili haitafuti picha. Mwaka 2002 wanasayansi walithibitisha kwamba nyuma ya jicho, mbali na chembe zinazotuwezesha kuona, kuna chembe nyingine chache zinazopima wingi wa mwanga tu na kuutaarifu ubongo kwamba kumekucha. Taa za chumbani hutoa luksi mia chache. Nje, hata kukiwa na mawingu, huwa maelfu. Katika chumba cha ndani saa tatu asubuhi na saa tisa usiku ni giza moja. Kuna wanaolisifu giza hilo, na kwa usiku mmoja au mbili wana haki. Lakini Queen Mary 2 inapotoka Southampton kwenda New York, saa hurudishwa nyuma mara tano njiani, na mwili usioona alfajiri hauna cha kujirekebishia. Anayelala ndani na apande sitahani asubuhi, kabla ya chai.

Na hapa ndipo kinapoingia chumba ninachokipenda. Mashua za kuokolea huning'inizwa kando ya ubavu, mara nyingi katikati ya meli na si juu sana. Vyumba vilivyo nyuma yake vina dirisha halisi, ukubwa uleule na kitanda kilekile na majirani zao, ila mbele ya kioo kuna tumbo la mashua. Kampuni huviuza kwa bei ya chini kwa sababu hakuna mandhari. Chembe zile za jichoni hazihitaji mandhari. Zinahitaji mwanga, na mwanga hupenya juu na kando ya mashua. Umekaa katikati, huko chini, una alfajiri, na tofauti ya bei iko mfukoni.

Tahadhari zipo. Queen Mary 2 ilijengwa kwa mawimbi ya Atlantiki ya Kaskazini, hivyo mashua zake zimepandishwa juu, na vyumba vilivyozibwa viko sitaha ya 8: hapo unapata ukati bila uchini. Kwenye meli fulani kilicho mbele ya dirisha ni mashua nzima, kwenye nyingine ni mkono tu wa winchi na bahari inaonekana karibu yote, lakini bei yaweza kuwa moja. Na mtu ambaye tumbo lake hutulia kwa kutazama upeo wa macho ataukosa. Huyo na alipie kioo kilicho wazi, palepale katikati.

Majira nayo huamua. Meli nyingi zinazozuru Mombasa na Zanzibar huja kati ya Novemba na Aprili, wakati wa kaskazi, na mahesabu ya mita 2.1 hayana uzito mkubwa siku hizo; afadhali ukazitumia fedha zako kwenye roshani, ikiwa unazo. Kusi ikivuma, au ukivuka Atlantiki mwezi Januari, roshani ya sitaha ya juu itabaki imefungwa, nawe utakuwa umelipia mlango.

Iko bei nyingine, ya chini kuliko zote: unalipia daraja la chumba bila kujua namba, kampuni inakupangia mwishoni palipobaki. Vinavyobaki ni vile ambavyo waliosoma ramani wamevikwepa, juu ya mnyororo wa nanga au chini ya disko. Asiyejua kichefuchefu na anayelala hata penye ngoma hana sababu ya kulipia namba.