Kabla hujang'oa madirisha ya zamani

Pita mitaa ya Tabata, Kimara au Mbezi jijini Dar es Salaam, utaona jambo moja linajirudia. Madirisha ya mbao na ya luva yanang'olewa, na mahali pake yanawekwa ya aluminiamu yenye vioo vya giza. Nyumba hubadilika sura kwa siku moja na majirani husifia. Joto la Januari likifika, wenye nyumba haohao wanakaa barazani mpaka usiku wa manane kwa sababu vyumbani hakukaliki.

Kosa si la aluminiamu. Hailiwi na mchwa, haivimbi wakati wa masika, na huku Pwani, ambako hewa ya chumvi hula chuma, inavumilia kuliko fremu za chuma. Kosa ni kuchagua dirisha kwa kuangalia mng'aro wake na kusahau upepo.

Chukua dirisha la futi tano kwa tano, yaani futi za mraba 25. Likiwa la slaidi lenye mabawa mawili, hata ukilisukuma mpaka mwisho, bawa moja hubaki nyuma ya lingine. Upepo unapata nusu tu, na ukitoa unene wa fremu, hata nusu hiyo haitimii. Dirisha la ukubwa uleule likiwa na bawaba, linafunguka karibu lote. Luva nazo hupitisha hewa vizuri, ila haziwezi kuziba sawasawa vumbi na mvua ya upepo, na vioo vyake huchomolewa kwa urahisi.

Mafundi wengi hupendekeza slaidi kwa sababu ya grili. Dirisha linalofunguka kwa nje, huku grili na wavu viko ndani, linamlazimu mtu apenyeze mkono kila anapotaka kulifunga. Ugumu huo una dawa: fundi akutengenezee wavu wenye fremu yake inayofunguka, na komeo likae palipo na nafasi ya mkono kwenye grili. Vyumba vya kulala na sebule vipewe madirisha ya bawaba. Slaidi iwekwe panapopita watu, kama kwenye ujia au baraza, ambapo bawa linaloning'inia nje lingemgonga mpita njia kichwani.

Kisha tazama upepo unatokea wapi. Katika mwambao wetu kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, miezi ile ile ya joto kali, na kusi hushika baada ya hapo mpaka karibu na Oktoba. Chumba chenye dirisha upande mmoja pekee hakipati faida kubwa ya upepo huo, kwa kuwa hewa ikiingia inahitaji pa kutokea. Ikiwa unabadilisha madirisha, huo ndio wakati wa kumuuliza fundi ujenzi kama ukuta wa pili unaweza kutobolewa, au kama juu ya mlango panaweza kuwekwa tofali za matundu. Majengo ya miaka ya 1950 na 1960 katikati ya Dar es Salaam bado yana matofali hayo na vizuia jua vya zege, na yalijengwa wakati viyoyozi vilikuwa vya wachache.

Kuhusu vioo vya giza, ni kweli vinapunguza ukali wa jua, lakini kioo chenyewe hufyonza joto na kulitoa ndani, na chumba kinahitaji taa mchana. Kivuli cha nje kinafanya kazi nzuri zaidi: paa lililotokeza, kibaraza au mti. Madirisha ya mashariki na magharibi ndiyo ya kulindwa kwanza, maana jua la asubuhi na la jioni huingia likiwa chini, na paa peke yake haliwezi kulizuia.

Jambo ambalo sitaki msomaji aliruke ni grili. Tunaweka nondo kuzuia wezi, na moto ukiwaka nondo hizohizo zinatuzuia sisi. Kila chumba cha kulala kiwe na dirisha moja ambalo grili yake inafunguka kwa ndani, na ufunguo uwe mahali ambapo kila aliyemo, hata mtoto, anapajua gizani. Fundi atakuambia inaongeza gharama. Lipa.

Siku ya vipimo, simama naye. Upana upimwe juu, katikati na chini. Urefu upimwe kushoto, katikati na kulia. Kisha ichukuliwe namba ndogo kuliko zote. Apime pia kona kwa kona, kwa sababu matundu mengi ya madirisha hayako mraba, na dirisha lililolazimishwa humo hukwama kabla ya mwaka kwisha. Muulize unene wa aluminiamu na wa kioo, na namba hizo ziandikwe kwenye risiti pamoja na muda wa dhamana. Kwa slaidi, kagua reli ya chini kama imetobolewa vitundu vya kutolea maji. Bila vitundu hivyo, mvua ya masika hujaa relini na kumwagikia ukutani kwa ndani.

Na pengine huhitaji dirisha jipya. Fremu ya mninga, mkongo au mvule iliyodumu miaka 40 si ya kutupa. Ichome kwa bisibisi sehemu ya chini, pale maji hutuama. Kama mbao bado ni ngumu, badilisha bawaba, kioo na wavu, upake rangi, na umeokoa fedha nyingi. Wanaoishi Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, au Mji wa Kale wa Lamu, ulioingia mwaka 2001, wana sababu ya ziada: waone kwanza mamlaka ya uhifadhi kabla ya kugusa madirisha ya mbele ya nyumba.

Ukishaamua, usibadilishe nyumba nzima kwa mkupuo. Anza na chumba kimoja chenye joto kuliko vyote, ulale humo msimu wa kaskazi, kisha ndipo umuite fundi kwa vilivyobaki. Dirisha utakaloweka mwaka huu wataishi nalo na wanao, kwa hiyo wachagulie linalopitisha hewa na linaloweza kuwatoa nje salama.