Sura ya Nne: Homa ya Keshokutwa

Karibu na Lugnano, kilometa 100 hivi kaskazini mwa Roma, kuna magofu ya nyumba kubwa ya shamba ya zama za Warumi. Kufikia katikati ya karne ya 5 BK nyumba hiyo ilikuwa imeshabomoka, na watu wa hapo waligeuza vyumba vyake kuwa makaburi ya watoto. Mwanaakiolojia David Soren wa Chuo Kikuu cha Arizona na wenzake walipochimba hapo, mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, walikuta watoto 47. Baadhi yao walizikwa ndani ya mitungi. Kandokando yao kulikuwa na vitoto vya mbwa, ukucha wa kunguru, mifupa ya chura, na masufuria ya shaba yenye majivu. Mtoto mmoja alilazwa na kuwekewa mawe na vigae juu ya mikono na miguu, kana kwamba waliomzika walihofu asije akainuka na kuwarudishia lile lililomuua. Ukristo ulikuwa tayari dini ya dola, lakini msiba huu uliwarudisha watu kwenye dawa za mababu.

Umri wa watoto hao ndio uliowashtua wachimbaji. Karibu nusu yao hawakutimiza miezi tisa tumboni. Mkunga yeyote wa Tanga au Kisumu angeuliza papo hapo: ni ugonjwa gani unaoharibu mimba nyingi hivi kwa mpigo? Mama mjamzito hupewa dawa ya SP na chandarua kliniki kwa sababu vimelea vya malaria aina ya falsiparamu hujificha kwenye kondo la nyuma, vikamnyima mtoto chakula na hewa, mimba ikatoka au mtoto akazaliwa njiti. Elimu hiyo ya kliniki za leo ndiyo iliyompa Soren ufunguo. Tena makaburi ya chini yalikuwa ya mtoto mmoja mmoja, na ya juu yalikuwa na watoto kadhaa kwa pamoja. Vifo viliongezeka kadiri siku zilivyokwenda.

Warumi wenyewe waliiandika homa hii. Celsus, aliyetunga kitabu chake cha tiba enzi za mfalme Tiberius, alizipanga homa kwa siku zake za kurudi. Warumi walianza hesabu na siku ya leo yenyewe, kwa hiyo homa waliyoiita ya siku ya tatu ni ile inayomshika mtu leo, ikamwacha kesho, ikarudi keshokutwa. Homa ya siku ya nne ilirudi mtondo. Sisi tunaohesabu kesho, keshokutwa na mtondo hatuhitaji kufafanuliwa zaidi. Sababu ya mpangilio huo inajulikana sasa: vimelea huzaliana ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua kwa pamoja kila baada ya saa 48 au 72, kutegemea aina yake, na chembe zinapopasuka ndipo mgonjwa anapotetemeka. Celsus aliitenga homa moja mbaya kuliko hizo. Katika kila saa 48 ilimkamata mtu kwa saa 36 hivi, bila kumpa nafasi ya kupumua. Kila ninapoisoma aya hiyo naiona falsiparamu.

Kuna ushahidi mwingine kwenye mawe ya makaburi. Wakristo wa Roma waliandika siku aliyokufa marehemu, na wanahistoria, Brent Shaw miongoni mwao, wamekusanya maandishi hayo na kuyapanga kwa miezi. Vifo vinapanda sana kati ya Agosti na Oktoba. Lakini kuhara nako huua wakati wa joto, kwa hiyo mawe pekee hayatoshi.

Ndipo wataalamu wakageukia mifupa. Mwaka 2001 Robert Sallares na Susan Gomzi walieleza kuwa wamepata vinasaba vya falsiparamu katika mfupa wa mguu wa mtoto wa Lugnano wa miaka mitatu hivi. Mfupa mmoja ni ushahidi mwembamba. Mwaka 2016 kundi la Stephanie Marciniak na Hendrik Poinar, wa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada, lilichunguza meno ya watu waliozikwa Italia karne ya 1 na ya 2 BK. Jino huwa na damu ndani yake na ganda gumu nje, hivyo huhifadhi kama chupa iliyozibwa. Vinasaba vya falsiparamu vilionekana kwa watu wawili, mmoja wa Velia na mwingine wa Vagnari, sehemu zote mbili zikiwa kusini mwa Italia.

Chanzo cha homa kilikisiwa mapema. Varro, mwandishi wa Kirumi, alikuwa mzee wa miaka 80 alipoandika, mwaka 37 KK, kwamba mtu asijenge karibu na kinamasi, kwa kuwa hapo huzaliwa viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, wanaoingia mwilini kwa njia ya mdomo na pua na kuleta maradhi mazito. Alikosea mlango wa kuingilia tu. Jibu la hadubini lilichelewa mpaka mwaka 1880, Alphonse Laveran alipoviona vimelea katika damu. Mwaka 1897 Ronald Ross aliviona ndani ya mbu nchini India, na mwaka uliofuata Giovanni Battista Grassi na wenzake wakathibitisha, Roma kwenyewe, kuwa mbu aina ya anofelesi ndiye anayemwambukiza binadamu. Italia ikakausha vinamasi, ikaweka nyavu madirishani, na kwa sheria ya mwaka 1900 ikaanza kuuza kwinini ya serikali kwenye maduka ya chumvi na tumbaku, mahali ambapo mkulima alikuwa akipita kila siku. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikapuliza dawa ya mbu ya DDT. Mwaka 1970 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa Italia haina malaria tena.

Narudi kwa wale vitoto vya mbwa na dawa za mababu. Serenus Sammonicus, Mrumi mwingine, aliagiza neno abrakadabra liandikwe kwenye karatasi ya mafunjo, lirudiwe mstari hadi mstari likipungua herufi, kisha mgonjwa wa homa alivae shingoni. Hiyo ni hirizi. Watafiti waliokaa vijijini Tanzania wamewakuta wazazi wanaojua vizuri kuwa malaria hutibiwa hospitali, lakini degedege wanaihesabu kuwa jambo la pepo, wakaanzia kwa mganga. Wazazi hao si wajinga. Mtoto anayekakamaa na kugeuza macho hafanani hata kidogo na mtoto mwenye joto la mwili, na hakuna aliyekaa nao kuwaeleza kwamba mara nyingi hiyo ni malaria ileile iliyopanda kichwani. Muuguzi anayemkaripia mama kwa hirizi iliyo shingoni mwa mtoto anamfundisha kuchelewa zaidi safari ijayo. Aiache hirizi ilipo, apime damu, aanze tiba.

Nawe msomaji, mtoto akishikwa na degedege, mlaze ubavu, usimtie kitu chochote mdomoni, na umfikishe kituo cha afya saa hiyohiyo, iwe usiku au mchana.