Video ya mtandaoni ndani ya slaidi: Kwa nini hukwama ukumbini

KATIKA kumbi za kijamii za Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kaloleni hadi Kayole, projekta si kifaa kigeni tena. Vikundi vya vijana wanaosafisha kingo za Mto Nairobi pande za Dandora na Korogocho huonyesha kazi yao kwa slaidi wanapoomba ufadhili. Wakazi wa mitaa ya kaunti kama vile Bahati, Maringo na Jericho, ambayo imekuwa ikitajwa katika mipango ya kubomoa na kujenga upya, huhitaji kuwathibitishia maafisa hali halisi ya nyumba zao. Nao wanafunzi wa mtaala wa umilisi hupewa kazi za kutafiti na kuwasilisha, nyingi zikiishia kuandaliwa kwenye saiba, mzazi akiwa kando na pesa za kulipia.

Kwa wengi wa hawa, picha tuli haitoshi. Video ya dakika mbili inayoonyesha majitaka yakibubujika mlangoni mwa nyumba humaliza ubishi ambao barua ya kurasa kumi haikuumaliza. Ndiyo maana mtindo wa kuweka video za mtandaoni ndani ya slaidi umeenea.

Tatizo hujitokeza dakika ya kuonyesha. Aliyeandaa slaidi aliijaribu nyumbani na video ikacheza barabara. Ukumbini, mahali pa video panabaki mraba mweusi. Kikundi kilichopewa dakika kumi kinapoteza nne kikihangaika na simu na nyaya, kisha mwenyekiti wa kamati anaita kikundi kinachofuata. Ombi lililogharimu miezi ya kazi linakwama kwa jambo ambalo lingetatuliwa usiku uliotangulia.

Chanzo cha mkasa huu ni kutoelewa jambo moja: video ya mtandaoni haimo ndani ya faili ya slaidi. Kilichomo ni anwani tu, mithili ya namba ya nyumba iliyoandikwa kwenye kikaratasi. Aliyebeba kikaratasi hajambeba mwenye nyumba. Kila mara slaidi inapofunguliwa, kompyuta hulazimika kwenda upya hadi kwenye tovuti yenye video, na mtandao usipokuwepo safari hiyo haifanyiki.

Tofauti za matoleo

Programu ya PowerPoint ilibuniwa na kampuni ya Forethought, ambayo Microsoft iliinunua mwaka 1987. YouTube ilianzishwa mwaka 2005. Vitu hivi viwili havikuzaliwa pamoja, na kuviunganisha kumepitia hatua kadhaa ambazo bado zinawasumbua watumiaji wa kompyuta kuukuu.

Katika PowerPoint 2007, video ya mtandaoni iliingizwa kwa njia ya mzunguko iliyotegemea programu ya Adobe Flash (si ile flashi ya kubebea faili mfukoni). Toleo la 2010 lilimtaka mtumiaji anakili msimbo kutoka kwenye tovuti na kuubandika. Kuanzia toleo la 2013, kazi hiyo ilirahisishwa. Kampuni ya Adobe ilikomesha huduma za Flash mnamo Desemba 31, 2020, na kuanzia Januari 12, 2021 ikazuia video za aina hiyo zisicheze kabisa. Slaidi za zamani ambazo walimu wamekuwa wakirithishana sasa huonyesha kisanduku kitupu. Faili hizo hazijaharibika; kilichokufa ni kile kilichokuwa kikizichezesha video zake, na dawa ni kuifuta video na kuiingiza upya.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, tangu mwaka 2004, lakini kompyuta nyingi za mitaani bado huzungumza Kiingereza, kwa hivyo majina ya vitufe hayana budi kutajwa yalivyo. Katika matoleo ya sasa ya PowerPoint, mtumiaji hunakili anwani ya video kutoka YouTube au Vimeo, hurudi kwenye slaidi, huchagua “Insert”, kisha “Video”, kisha “Online Videos”, na kuibandika anwani. Katika Google Slides njia ni “Insert” kisha “Video”.

Hapa Google Slides ina faida moja ambayo wengi hawaijui. Inamruhusu mtumiaji kutaja sekunde ambayo video itaanza na ile itakayokoma. PowerPoint haiwezi kukata video iliyoko mtandaoni; uwezo wake wa kukata hutumika tu kwa video iliyomo ndani ya faili yenyewe. Anayetaka sekunde 40 kutoka katika habari ya dakika 12 atalazimika kuisogeza kwa kipanya mbele ya hadhira, na huko ni kujitafutia aibu.

Isitoshe, mwenye video ana uwezo wa kuzuia isichezwe nje ya tovuti yake, au kuifuta bila kumwarifu yeyote. Na hata inapocheza, huenda ikatanguliwa na tangazo, kisha mwishoni ikaleta mapendekezo ya video nyingine. Kamati iliyokuja kusikiliza habari za mabomba ya maji haina haja ya kutazama tangazo la sabuni.

Bando linavyoliwa

Gharama nayo haifai kupuuzwa katika mitaa ambako data hununuliwa kidogo kidogo. Kampuni za mtandao hutaja kasi kwa megabiti, ilhali bando huuzwa kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti nane. Video inayovuta megabiti 4 kwa sekunde, kiwango kinachoweza kufikiwa na video yenye picha safi, itatumia megabaiti 150 kwa dakika 5. Ikipunguzwa hadi megabiti 1 kwa sekunde, dakika hizo hizo zitatumia chini ya megabaiti 40. Aliyeijaribu mara tatu nyumbani, kisha akaionyesha mara moja ukumbini, ameilipia mara nne.

Kuna mlaji mwingine asiyeonekana. Kipakatalishi kinapounganishwa na simu, Windows huweza kuchukua fursa hiyo kujisasisha, na bando likaisha kabla ya slaidi ya pili. Katika mipangilio ya Windows, mtandao wa simu unafaa kuwekwa kama “metered”, yaani unaolipiwa kwa kipimo, ili kompyuta ijizuie.

Hata mwenye bando la kutosha hana hakika. Nyaya za baharini za Seacom na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, Kenya ilianza kuondokana na utegemezi wa mawasiliano ya setilaiti, na video za mtandaoni zikawa jambo la kila siku. Lakini mnamo Mei 12, 2024, hitilafu katika nyaya za EASSy na Seacom ilizorotesha mtandao katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Kenya ikiwemo. Agosti 25, 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima. Haya ni matukio makubwa yaliyoripotiwa. Kukatika kwa stima katika mtaa mmoja alasiri moja hakuandikwi popote, ingawa ndiko hukomesha maonyesho mengi zaidi.

Video ya kubeba

Njia yenye uhakika zaidi ni kuiweka video yenyewe ndani ya faili. Kuanzia PowerPoint 2010, video iliyo kwenye kompyuta ikiingizwa kwa kuchagua “Insert”, “Video”, kisha “This Device” (au jina linalokaribiana na hilo, kutegemea toleo), huwa sehemu ya faili na husafiri nayo. Katika matoleo ya awali video ilibaki nje, na ilibidi ibebwe pamoja na slaidi. Video ya aina ya MP4 ndiyo isiyo na matata. Faili ikinenepa kupita kiasi, PowerPoint ya Windows ina kitufe cha “Compress Media” chini ya “File” na “Info” cha kuipunguza.

Je, mtu anaweza kuipakua video yoyote kutoka YouTube na kuibeba? Masharti ya YouTube hayaruhusu kupakua isipokuwa kwa njia ambazo tovuti yenyewe imezitoa, na video zinazohifadhiwa ndani ya programu yake ya simu huchezwa humo humo tu. Tovuti zinazojitangaza kuwa zinapakua video bure haziondoi sharti hilo, na nyingine hubeba virusi. Aidha, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inalinda kazi za video nchini. Lililo rahisi ni kumwandikia mwenye video na kumwomba nakala. Ikiwa video ni ya kikundi chenyewe, na ile ya awali imepotea pamoja na simu iliyoibiwa, mwenye akaunti anaweza kupakua nakala yake kupitia YouTube Studio.

Ukweli ni kwamba vikundi vingi vya Eastlands havina haja ya video ya mtu mwingine. Ushahidi wa mtaro ulioziba au wa bustani iliyooteshwa palipokuwa jaa la taka uko hatua chache kutoka ukumbini, na simu ya kawaida inatosha kuurekodi. Tahadhari ni namna ya kuusafirisha: video ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hufinywa, na kwenye ukuta wa ukumbi nyuso huwa madoa. Ikitumwa kama waraka, yaani “Document”, hufika ilivyo.

Kwa anayelazimika kutumia video ya mtandaoni, mathalani mahojiano ya runinga ambayo mwenyewe hajatoa nakala, inafaa slaidi inayofuata iwe na picha tuli mbili au tatu pamoja na maneno machache yanayoeleza kilichomo. Mtandao ukigoma, mwasilishaji hubonyeza mara moja na kuendelea na maelezo yake.

Hatimaye kuna suala la sauti. Projekta nyingi za zamani hutumia waya wa VGA, ambao hupitisha picha pekee, hivyo sauti hubaki kwenye kipakatalishi na aliyeketi nyuma hasikii neno. Waya wa HDMI hupitisha vyote viwili, lakini huweza kuihamishia sauti kwenye projekta isiyo na spika, na ukumbi mzima ukatazama watu wakifungua vinywa kimyakimya. Marekebisho hufanywa kwenye alama ya spika iliyo pembeni mwa skrini, kwa kuchagua sauti itokee wapi. Spika ndogo iliyochomekwa kwenye tundu la vipokea sauti inatosha ukumbi wa watu hamsini, mradi iwe imejaribiwa humo ukumbini kabla watu hawajaketi.